Jina Ukutani: Houston, Dallas na Kumbukumbu za Wanasayansi

Mwezi wa Julai 2008 jeneza la daktari mmoja mpasuaji liliwekwa ndani ya Jengo la Jiji la Houston, na watu wakapanga foleni kwenda kumuaga. Marehemu alikuwa Michael Ellis DeBakey, aliyefariki tarehe 11 ya mwezi huo, akiwa amebakisha chini ya miezi miwili kutimiza miaka 100. Houston ilikwisha kuzika mameya, matajiri wa mafuta na wanaanga, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kuagwa katika jengo hilo. DeBakey alikuwa wa kwanza. Kisha akapelekwa kuzikwa Arlington, makaburi ya taifa ya askari, karibu na Washington.

Kwa wasomaji wa jarida hili jina hilo lina uzito wa ziada. Wazazi wake, Shaker na Raheeja, walikuwa Wakristo wa Lebanon waliohamia jimbo la Louisiana, na jina la ukoo walilokuja nalo lilikuwa Dabaghi. Anayejua Kiarabu husikia humo neno *dabbagh*, yaani mtengeneza ngozi. Ni rahisi basi kwa familia zetu zilizoko Texas, hasa zile zenye nasaba ya Kiarabu, kusema: huyu ni mwenzetu, Mwarabu aliyefika juu.

Makala haya hayakusudii kumnyang'anya mtu fahari hiyo. Yanakusudia kuuliza swali lililo nyuma yake: jina la mtaalamu hufikaje ukutani? Shule, hospitali na barabara hazijipi majina. Yupo anayeomba, yupo anayelipa, yupo anayepiga kura, na yupo anayeachwa nje. Tukiifuata tarekh ya majina haya katika miji ya Houston na Dallas, tunaona kwamba elimu ya mtu ni sharti la kwanza tu. Sharti la pili ni jamii iliyo na nafasi ya kuudai ukumbusho wake. Na hilo linatugusa sisi, ambao wazee wetu wanaondoka mmoja baada ya mmoja.

Sanamu ya mwuza pombe

Ukumbusho wa kwanza wa hadhara uliosimamishwa Houston haukuwa wa mwanasayansi. Ulikuwa wa mwenye kilabu cha pombe. Richard Dowling, aliyejulikana kwa jina la Dick, alizaliwa Ireland, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na alipokua akafungua biashara ya vinywaji Houston. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka aliingia jeshi la Shirikisho, yaani majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Septemba 1863 aliongoza kikosi kidogo cha mizinga kilichozirudisha nyuma manowari za serikali ya Muungano katika mlango wa bahari wa Sabine. Alikufa 1867 kwa homa ya manjano.

Sanamu yake ilizinduliwa tarehe 17 Machi 1905, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ambayo ni siku kubwa ya Waireland. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Waireland walikuwa wahamiaji, Wakatoliki katika nchi ya Waprotestanti, na mara nyingi walidharauliwa. Kwa kumpandisha juu ya jiwe Mwaireland aliyepigania upande wa kusini, walikuwa wanawaambia wenyeji: nasi tulimwaga damu pamoja nanyi, basi tuhesabuni.

Bei ya kauli hiyo ililipwa na wengine. Mwaka 1872 watu waliokombolewa utumwani walichanga fedha wakanunua kiwanja Houston wapate mahali pa kusherehekea siku ya uhuru wao. Kiwanja hicho kinaitwa Emancipation Park mpaka leo. Barabara iliyopita kando yake ikapewa jina la Dowling. Kwa hiyo wajukuu wa watumwa walikwenda kwenye bustani ya uhuru kwa kupitia barabara yenye jina la mtu aliyepigana babu zao wasiwe huru. Hali hiyo iliendelea hadi zama zetu. Mwaka 2016 shule iliyokuwa na jina la Dowling ilibadilishwa jina. Mwaka 2017 barabara nayo ikaitwa Emancipation Avenue. Juni 2020 sanamu yenyewe ikaondolewa Hermann Park, ilikokuwa imehamishiwa miaka mingi nyuma.

Nimeanza na Dowling kwa sababu kisa chake kinaonyesha kanuni tutakayoikuta tena kwa wataalamu. Mgeni anapoomba mtu wake akumbukwe, huwa anaomba kukubaliwa yeye mwenyewe. Na ombi hilo hubeba siasa za siku lilipotolewa.

Jina lililoweza kupita

Wakati wa ubaguzi Wamarekani Weusi wa Texas nao walikuwa na majina ya kuweka. Shule zao zilitengwa kwa sheria, na fedha zao zilikuwa mikononi mwa bodi za Wazungu. Jina la shule ilikuwa moja ya nafasi chache za kusema jambo hadharani. Ndipo tunapokutana na mwanasayansi: George Washington Carver. Katika eneo la Houston jina lake liliwekwa Acres Homes na pia Baytown, kama lilivyowekwa katika shule nyingi za Weusi kote kusini.

Carver alizaliwa utumwani Missouri, akasoma elimu ya mimea, akafundisha Tuskegee, Alabama, na kuwashauri wakulima maskini wapande karanga, kunde na viazi vitamu kurudisha rutuba ya ardhi iliyochoshwa na pamba. Alifariki tarehe 5 Januari 1943. Mwezi wa Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kupahifadhi alipozaliwa, na huo ukawa ukumbusho wa kwanza wa taifa kwa ajili ya Mmarekani Mweusi.

Kwa nini Carver na si mpiganiaji haki? Hakuwa mtu wa kuushambulia ubaguzi majukwaani. Alikuwa mpole, mcha Mungu, mtu wa maabara na bustani. Jina la namna hiyo liliweza kupita mbele ya bodi ya Wazungu bila kuwatisha. Lakini ndani ya darasa jina lilelile lilisema neno jingine kwa mtoto Mweusi: mtu wa rangi yako alikuwa mtaalamu, na dunia ikakiri.

Mipaka ya neno hilo ilionekana punde. Mwaka 1946 Heman Sweatt, mfanyakazi wa posta Houston, aliomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Texas, akakataliwa kwa rangi yake. Badala ya kumfungulia mlango, mwaka 1947 jimbo liliharakisha kuanzisha chuo kikuu cha Weusi hapo Houston, ambacho leo ni Texas Southern University. Mahakama Kuu ya Marekani ikampa Sweatt haki mwaka 1950. Jambo la kuzingatia ni hili: mwanafunzi aliweza kumaliza shule yenye jina la mwanasayansi mkubwa na bado asiruhusiwe kuingia chuo ambako sayansi hiyo ilifundishwa. Jina lilitangulia, haki ikachelewa.

Mtoto wa Dabaghi

Sasa turudi kwa DeBakey. Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1908 katika mji wa Lake Charles, Louisiana. Wakati huo sheria ya uraia wa Marekani ilikuwa na milango miwili kwa wageni. Tangu 1790 uraia ulikuwa wa "watu weupe huru", na tangu 1870 ukaongezwa kwa wenye asili ya Afrika. Wahamiaji kutoka Sham, ambao wakati huo wote waliitwa Wasiria, hawakujulikana waingie wapi, na mahakimu wakatoa hukumu zilizopingana. Mwaka 1915 mahakama ya rufaa iliamua katika kesi ya George Dow kwamba Msiria ni mweupe na anaweza kuwa raia.

Msomaji wa pwani yetu ana haki ya kutua hapa. Mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja mwenye babu wa Oman na bibi wa Kiafrika angesimama mbele ya mlango upi? Kwetu mtu aliweza kuwa vyote viwili bila kuulizwa. Katika nchi ile ilimbidi achague, au achaguliwe.

Familia ya Dabaghi iliingia kwa mlango wa weupe, na jina likawa DeBakey, lenye mlio wa Kifaransa katika jimbo lililojaa majina ya Kifaransa. Kijana alisoma Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Alikuwa na akili nyingi na bidii isiyo ya kawaida, hilo halina shaka. Lakini Tulane haikupokea wanafunzi Weusi hadi 1963. Mtoto Mweusi wa Lake Charles mwenye akili kama zake asingeingia pale, hata angekuwa nani.

Kazi yake inajieleza. Angali mwanafunzi alitengeneza pampu ya damu ya magurudumu ambayo baadaye ikawa kiungo cha mashine ya moyo na mapafu. Mwaka 1939 yeye na mwalimu wake, Alton Ochsner, waliandika kwamba sigara inahusiana na saratani ya mapafu, wakati ambapo madaktari wengi wenyewe walikuwa wavutaji. Mwaka 1953 alifaulu kusafisha mshipa wa shingo ulioziba, upasuaji unaozuia kiharusi. Na alitengeneza mishipa bandia ya kitambaa. Kisa hiki alikisimulia mara nyingi: alikwenda dukani Houston kununua nailoni, ikawa imekwisha, akauziwa kitambaa kipya kilichoitwa Dacron. Akakikata na kukishona mwenyewe nyumbani kwa cherehani ya mkewe, kwa sababu mama yake alimfundisha kushona tangu utotoni. Ufundi wa Bibi Raheeja uliingia katika vifua vya watu ambao hawakupata kulisikia jina lake.

Houston ilimhitaji kama yeye alivyoihitaji. Chuo cha udaktari cha Baylor kilikuwa Dallas hadi 1943, kilipohamishiwa Houston kwa ahadi ya ardhi na fedha kutoka mfuko wa M. D. Anderson. Hapa pana funzo dogo la majina. Wagonjwa wengi wanaofika katika hospitali mashuhuri ya saratani ya M. D. Anderson hudhani herufi hizo zina maana ya daktari, kwa vile kwa Kiingereza ndivyo shahada ya udaktari inavyofupishwa. Hazina maana hiyo. Ni Monroe Dunaway, mfanyabiashara wa pamba. Mali iliyotokana na pamba ndiyo iliyojenga mji wa hospitali, na jina la mwenye mali likatangulia majina ya madaktari.

DeBakey alifika Baylor 1948. Mji uliojulikana kwa mafuta, joto na mbu ukapata mtu ambaye wafalme na marais walimfuata. Mwaka 1969 Rais Lyndon Johnson, Mtexas, alimvisha nishani ya juu ya raia. Mwaka huohuo, Aprili, daktari mwenzake wa Houston, Denton Cooley, alimwekea mgonjwa moyo bandia bila idhini ya DeBakey, ambaye maabara yake ilikuwa ikifanya kazi hiyo. Wawili hao wakakaa takriban miaka 40 bila kuelewana, hadi walipopatana 2007. Mji haukuona haya kwa ugomvi huo. Ulikuwa ushahidi kwamba Houston ina mabingwa wawili mahali ambapo miji mingine haina hata mmoja.

Hata sayansi ya anga iliingia katika habari yake. David Saucier, mhandisi wa NASA hapo Houston, alipandikizwa moyo na DeBakey mwaka 1984. Baada ya kupona, yeye na wahandisi wenzake walishirikiana na madaktari kubuni pampu ndogo ya kuusaidia moyo dhaifu. Mwaka 1998 pampu hiyo iliwekwa ndani ya mgonjwa kwa mara ya kwanza, huko Ulaya.

Tazama sasa mikono iliyoliweka jina lake ukutani. Shule ya sekondari ya fani za afya, iliyoanzishwa 1972 kwa ushirikiano wa Baylor na idara ya shule za Houston, ilipewa jina lake akiwa hai. Huo ulikuwa mkono wa bodi ya shule. Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliipa jina lake hospitali ya askari wastaafu wa Houston. Huo ulikuwa mkono wa sheria. Baylor ikajenga maktaba na makumbusho kwa jina lake, na huo ni mkono wa taasisi na wafadhili wake. Aprili 2008, miezi mitatu kabla ya kifo chake, alikabidhiwa Nishani ya Dhahabu ya Bunge. Shule yenye jina lake ikafunguliwa pia Doha, Qatar. Hivyo jina la Dabaghi lilirudi katika nchi ya Waarabu likiwa na sura ya kimarekani, juu ya lango la shule inayofundisha kwa Kiingereza.

Sioni lawama yoyote kwake katika hayo. Mtu hachagui sheria za nchi anayozaliwa. Lakini tunapomwita mwenzetu, tuseme habari yote. Alifika kwa kipaji, kwa kazi ya usiku na mchana, na pia kwa mlango ambao sehemu moja ya nasaba yetu ingeruhusiwa kuupita na sehemu nyingine ingezuiwa.

Dallas na majina ya wenye fedha

Dallas ilikwenda njia nyingine. Kiangazi cha 1958 mhandisi mgeni katika kampuni ya Texas Instruments, Jack Kilby, alibaki kazini wakati wenzake wengi wako likizo, kwa kuwa yeye hakuwa bado na haki ya likizo. Tarehe 12 Septemba aliwaonyesha wakubwa wake kipande cha jerumani ambacho vipande mbalimbali vya saketi vilikaa pamoja juu yake. Huo ndio mwanzo wa chipu iliyomo leo katika simu ya kila msomaji wa makala haya. Robert Noyce wa California aliifikia fikra hiyo kwa njia yake muda mfupi baadaye. Kilby alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Noyce alikuwa amefariki 1990, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Ukitafuta majina ya elimu Dallas, hata hivyo, majina ya kwanza utakayoyaona ni ya waliokuwa na kampuni. Erik Jonsson, Eugene McDermott na Cecil Green, waasisi wa Texas Instruments, walitoa fedha na ardhi kuanzisha kituo cha utafiti ambacho mwaka 1969 kikawa Chuo Kikuu cha Texas hapo Dallas. Maktaba ya chuo hicho ina jina la McDermott, jengo moja lina jina la Green, na shule ya uhandisi ina jina la Jonsson. Jonsson alikuwa pia meya, na maktaba kuu ya jiji ni yake kwa jina. McDermott na Green walikuwa wataalamu wa jiofizikia kwa haki yao, lakini kilichowaweka ukutani ni ukarimu wao. Jina la Kilby liliwekwa 1997 kwenye kituo cha utafiti cha kampuni, ndani ya uzio wake. Mvumbuzi alikumbukwa na mwajiri, mfadhili akakumbukwa na mji.

Majina ya askari wa Shirikisho yalipoanza kuanguka, Dallas ilipata nafasi ya kuwatazama wataalamu. Septemba 2017 sanamu ya Jenerali Lee iliondolewa katika bustani ya jiji, na mwaka uliofuata shule kadhaa za msingi zikabadilishwa majina. Ya Stonewall Jackson ikawa Mockingbird, ya Robert E. Lee ikawa Geneva Heights, ya Albert Sidney Johnston ikawa Cedar Crest. Haya ni majina ya barabara na mitaa, majina ambayo hayana ukoo wala adui. Dallas inayo shule ya Ronald McNair, mwanafizikia Mweusi aliyekufa katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986. Lakini safari hii, badala ya kugombana juu ya mtu, wazazi na bodi walichagua ndege na mierezi. Ni uamuzi unaoeleweka. Lakini anayekimbia ugomvi wa majina humwachia nafasi yule ambaye tayari ana jina.

Mwanahisabati aliyengoja

Mwaka uleule aliofariki DeBakey, tarehe 10 Novemba 2008, alifariki mwanamke aitwaye Dorothy Vaughan. Hakuna jengo la jiji lililofunguliwa kwa ajili yake. Vaughan alikuwa mwanahisabati Mweusi aliyeajiriwa 1943 katika maabara ya Langley, Virginia, na mwaka 1949 akawa mkuu wa idara ya wanawake Weusi waliofanya hesabu za ndege kwa mkono, wakiwa wametengwa katika ofisi yao. Mashine za kompyuta zilipokuja alijifunza lugha zake na kuwafundisha wenzake ili wasifukuzwe kazi. Alistaafu 1971.

Mwaka 2016 kilitoka kitabu cha Margot Lee Shetterly kuhusu wanawake hao, na filamu ikafuata. Ghafla watoto wa shule wakayajua majina ambayo wanahistoria wachache tu walikuwa wakiyajua. Julai 2024 jengo namba 12 la Kituo cha Anga cha Johnson, Houston, lilipewa jina la Vaughan, kwa heshima ya wanawake wote wa safari za Apollo. Kituo chenyewe, tukumbuke, kilipewa jina la mwanasiasa: Johnson alifariki Januari 1973, na mwezi uliofuata jina lake likawekwa. Rais alingoja wiki chache. Mwanahisabati alingoja miaka 16 baada ya kufa, na hakupata kufanya kazi yake Houston.

Kilichobadilika katika miaka hiyo 16 ni nini? Hesabu zake hazikuongezeka hata tarakimu moja. Kilichoongezeka ni karatasi: mtu alikaa na wazee, akasoma majalada, akaandika. Kabla ya ukuta palikuwa na kitabu.

Ibn Sina kusini ya Texas

Wahamiaji Waislamu wa Houston nao wamekwisha kuweka jina la mtaalamu. Tangu 2001 Ibn Sina Foundation inaendesha zahanati za bei nafuu ambazo hupokea watu wa kila dini, hasa wasio na bima. Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan 1037, na kitabu chake, *al-Qanun fi al-Tibb*, kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Huko walimwita Avicenna, kama Dabaghi alivyoitwa DeBakey. Houston hakuitwa Avicenna. Jina limeandikwa kama linavyotamkwa na wenyewe.

Mwaka 2001 ndio uliokuwa mgumu kuliko yote kwa mwenye jina la Kiislamu Marekani. Zahanati ni jibu la namna yake. Linganisha na sanamu ya Dowling. Waireland waliomba kukubaliwa kwa kutukuza vita. Hawa walilitundika jina juu ya mlango ambao maskini wa mtaa anauingia akiwa na homa. Jina la aina hii ni vigumu kuling'oa, kwa sababu wanaolitetea si kabila moja.

Kituo cha Zanzibar

Na sisi tuna nini? Mwaka 1960 Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikitawala, zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Kilikuwa kimoja kati ya vituo 18 vya safari za Mercury, vikiwamo vya Kano na Bermuda na meli mbili baharini. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye akipita. Kundi lililoongoza safari hizo ndilo lililohamia Houston na kuwa kituo ambacho watalii hukizuru leo.

Nyumbani kituo kilikuwa cha ugomvi. Wazalendo waliona ni kambi ya kijeshi iliyovishwa koti la sayansi, na pakawa na maandamano ya kukipinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondolewe, na Aprili mwaka huo kikafungwa.

Kituo kama kile hakiendeshwi na wageni peke yao. Kinahitaji fundi umeme, karani, dereva, mlinzi, mpishi. Waliofanya kazi hizo hawakuwa na sababu ya kujisifu baada ya 1964, kwani kusema ulifanya kazi kwa Wamarekani kungeweza kukuletea balaa. Wengine walibaki kimya Unguja, wengine wakatawanyika. Zanzibar haikutaka kukumbuka kituo, na Marekani ilikuwa na mashujaa wa kutosha. Kumbukumbu ikaangukia katikati.

Familia zenye Kiswahili zinaishi leo Houston, Dallas na Fort Worth, zikitoka Zanzibar, bara, Kenya na mashariki ya Kongo. Katika nyumba hizo wamo wauguzi, walimu wa hisabati, mafundi wa maabara na madaktari ambao vyeti vyao vya Dar es Salaam, Makerere au Cairo vimo ndani ya bahasha kabatini. Hatuna bado meya, wala mfuko wa pamba, wala kura za kutosha katika bodi ya shule. Lakini tumeona kwamba kwa Vaughan mwanzo ulikuwa karatasi, na karatasi tunaiweza.

Basi mzee akiwa bado na kauli, aandikwe. Aandikwe jina lake lote na la baba na la mama, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu kama alikuwa akiziandika. Aandikwe alisoma wapi, nani alimfundisha, alifanya kazi gani na kwa nini aliondoka. Zisiachwe kando habari zinazotutia haya, ikiwa ni pamoja na za nani tuliowaacha nje ya milango yetu wenyewe, kwa kuwa ukumbusho unaoficha hayo ndio unaokuja kung'olewa na wajukuu.

Siku itakapofika bodi ya shule mojawapo ya Texas ikauliza kama Waswahili wana jina la kupendekeza, tutaulizwa ithibati. Bibi Raheeja alimfundisha mwanawe kushona, na tunalijua hilo kwa sababu mwana alisema na watu wakaandika. Mama wa fundi wa kituo cha Unguja naye alimfundisha mwanawe jambo fulani. Aliye na habari hiyo huenda yuko Houston sasa hivi, chumba cha pili, akisubiri mtu amwulize.